Mwanangu si Herode tena, na kosa ni langu

Mama Elodie, mushauri wetu wa radio, nakusalimu kwa heshima, halafu naomba unisaidie mbele Noeli haijafika, maana nimeharibu kitu na sijui namna ya kukitengeneza. Mimi ni mama wa watoto watano, shule niliachia mwaka wa tatu, kama nimeandika vibaya univumilie.

Huku kwetu upande wa Lubuye Noeli si muchele na nyama tu, hata kama navyo tunavipenda. Noeli njo muchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Tarehe makumi mbili na ine, saa tisa ya muchana, shapeli, kanisa letu dogo, inajaa mpaka ku madirisha, watoto wanakaa chini mbele na maembe yao, Maria anamuficha mutoto chini ya meza, halafu Herode anaingia. Amevaa taji ya bidon ya mafuta iliyokatwa, ana ndevu za katani, anapiga fimbo chini: "Mutoto iko wapi?" Na watoto wote, hata wale wa miaka mitatu, wanadanganya pamoja: "Hatujui!" Akiuliza tena wanasema, "Alishavuka ziwa, iko Kigoma!" na wanamutupia kokwa za maembe mpaka anakimbia. Kama hatujaona ile, Noeli haijafika.

Ule Herode, tangu miaka sita, ni muzaliwa wangu wa kwanza, Ulrich. Sauti ni ya marehemu baba yake, lakini yeye ni mupole, hata kuku namuchinjia mimi. Kazi yake ni kinyozi. Mwezi huu kila mama anapeleka watoto wanyolewe kwa ajili ya Noeli, na wakimuona Ulrich ameshika mashini ya kunyolea wanalia "Herode! Herode!", mama zao wanacheka, na mimi nawaza, hili jina litamubakia mpaka uzeeni.

Sasa mwezi jana wazazi wa Nadine, binti anayetaka kumuoa, walishuka kutoka Kirungu kuja kutuona. Tulikula vizuri. Halafu mama yake, Mama Immaculée, akaweka sahani chini akasema mbele ya watu wote, "Sisi tumemulea mutoto wetu muzuri kule mulimani, kumbe tunamuleta kwa Herode! Sasa tutamuficha wapi?" Ulrich, bila haya, akasimama akatoa ile sauti: "Mumufiche hata Misri, nitamufuata!" Wakacheka mpaka shangazi mumoja akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilisema moyoni, wamekataa, wanatusitiri tu.

Kesho yake nikaenda kwa Papa Bertin, katekista wetu anayepanga ule muchezo, Ulrich hajui, nikamuambia, "Papa Katekista, Ulrich amechoka na Herode, anaona haya kukuambia mwenyewe." Ilikuwa uongo. Papa Bertin akasema, "Basi, muntu hatumulazimishe." Taji akamupa Samy, kijana wa kwaya.

Juma pili Ulrich anafika ku repetisyo, mazoezi ya muchezo, anakuta taji iko ku kichwa cha Samy. Hakuuliza. Papa Bertin naye, akiwaza ni Ulrich mwenyewe alikataa, akaendelea na muchezo. Ulrich akageuka akaenda zake, na tangu ile siku hakanyagi shapeli, akikutana na Papa Bertin ku soko hamusalimie, anasema amefukuzwa kama mwizi, na treni ya Kongolo ikipatikana tu atapanda aende kwa baba yake mudogo, Noeli ataila kule. Nadine alikuja kulia kwangu: "Mama, ni mimi ananikimbia?" Nikamupangusa machozi, lakini ukweli sikumuambia. Na Samy huyo, sauti yake ni ya muntu anayeomba chumvi kwa jirani. Aliuliza, "Mutoto iko wapi?", mutoto mumoja akasimama akamuonyesha na kidole: "Ule pale, chini ya meza."

Nikinyamaza, mwanangu anaenda. Nikisema, atajua mama yake mwenyewe njo alimutoa. Nifanye nini? Tafadhali, jina langu usilitaje.

JIBU LA MAMA ELODIE

Mama, jina lako sikulitaja. Lakini Herode wa shapeli hiyo ni mmoja, na mama yake ni mmoja. Ndiyo maana barua yako sikuisoma redioni juma lililopita. Nilikupigia simu, nikakupa siku tatu umwambie mwanao kwanza, ukanijibu "ndiyo, mama". Siku tatu zimeisha. Kama ulimwambia, vizuri. Kama ulikuwa unangoja redio ikusemee, basi funga hiyo redio uende kwake sasa hivi, maana jirani zako nao wana redio.

Woga wako naujua, mimi pia nimezaa. Ila haukuwa na macho. Watu wakikataa posa hawatanii, mama. Wanaaga mapema, wanasema njia ni mbaya, na kuku wako wanamwacha kwenye sahani. Hawa walikula, wakacheka mpaka wakapaliwa. Mama Immaculée alikuwa anampima mkwe wake aone kama ana hasira za karibu, na kijana alijibu kama mkwe. Wewe peke yako ndiwe uliyesikia matusi. Na hao watoto wanaolia kwa kinyozi, nani alikudanganya kwamba kwa vinyozi wengine wanaimba?

Ungemwambia Ulrich usoni, "Mwanangu, jina hili linanisumbua," angekucheka, mngemaliza. Badala yake uliweka maneno kinywani mwa mtu mzima, ukawaacha wanaume wawili wachukiane kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifanya. Hapo ndipo ulipokosea.

Sasa sikiliza. Ukifika kwa Ulrich usianze kulia. Ukilia atakubembeleza, na mwenye kuumizwa ni yeye. Sema: "Ni mimi niliyemwambia Katekista umekataa. Nilimdanganya. Nisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "nilifanya kwa sababu nakupenda". Hilo analijua tangu tumboni. Akifoka, mwache afoke. Nadine naye aambiwe leo leo, asilale na wazo baya ulilomwachia.

Kesho asubuhi uende kwa Papa Bertin, na Samy awepo, kwa kuwa kijana huyo amejifunza maneno yote na hajamkosea mtu. Sema ulichofanya. Usiombe taji irudi kwa mwanao. Hilo wataamua wao watatu, wewe umekwisha kuamua vya kutosha mwaka huu.

Na kama baada ya hayo yote Ulrich bado anataka treni ya Kongolo, mfungie chakula cha njiani, umsindikize mpaka stesheni, na usimshike shati.