Mstari Ulioota Ndevu

Karatu, Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lisiwe linakusumbua sana na baridi ya Marangu. Mimi mwili ni mzima. Huku baridi ni kavu, na upepo unaingiza vumbi jekundu hadi kwenye droo za meza yangu. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeuliza katikati, nami ningenyamaza.

Gereji bado tunapaka rangi magari ya watalii. Fundi wa mistari ni Koinet, yule kijana wa Kimaasai wa Kakesio niliyewahi kukutajia. Huchora kwa mkono, kwa brashi ya nywele ndefu, mstari mwembamba ubavuni mwa gari mpaka kwenye madigadi. Kwenye bati hana shida. Shida ni madigadi ya plastiki. Msimu huu yakisuguliwa yanashika umeme, yanavuta vumbi, na rangi mbichi inatoka pembeni mwa mstari kama vinyweleo. Kwa hiyo huyafuta taratibu kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu, humwaga maji sakafuni, na hugusa chuma kabla ya kushika brashi.

Safari hii alifanya yote hayo na mistari ikaharibika vilevile. Wenzake wakamtania kwamba mstari wake umeota ndevu kabla ya kidevu chake. Bwana Tluway, mwenye gereji, hakucheka. Alisema huo ni mkono wa pombe, na Koinet akajibu kwa upole kwamba hajawahi hata kuionja. Jana Bwana Tluway akaniagiza mbele ya wote kwamba gari lililopo likiharibika, nimwandikie barua ya kumfukuza kazi, aende akachunge.

Leo mstari ukaharibika tena. Nilichapa jina lake kwenye barua nikaishia hapo. Vidole vilikuwa kama si vyangu. Mama, sababu nilikuwa ninaijua. Kwa ajili ya baridi Koinet hujitanda shuka zito la dukani, la nyuzi za plastiki, na kila akiinama pindo linasugua madigadi. Hata ukimpa mkono unapigwa shoti. Shuleni tulisugua rula kwenye nywele tukavuta vipande vya karatasi. Ni jambo lile lile. Nilinyamaza kwa kuwa wangeuliza shuka limetoka wapi.

Nikatoka ofisini nikamwambia alivue. Akafuta upya, akachora, mstari ukatoka safi. Bwana Tluway akauliza karani amejuaje habari za shuka la mwanamume. Nikasema nimelinunua mimi. Mafundi wakapiga vigelegele kama harusini. Sikuona aibu wala furaha. Nilitazama tu maji yakitiririka sakafuni. Baadaye Koinet akaniambia alishalishuku shuka hilo, ila hakutaka nimkute hajalivaa.

Laurencia wa stoo, jirani yetu, alikuwepo, na anakuja huko Jumamosi. Nimetaka usikie kwangu kwanza. Koinet ameniomba tuoane, nami nimekubali. Nakumbuka ulichosema kuhusu watu wa kwao. Naogopa, lakini hata hofu naiona kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Desemba tutakuja wote wawili. Shuka litabaki Karatu. Atavaa koti la kuazima. Nisalimie Baba na wadogo zangu, na uwaambie wewe mwenyewe ukiona inafaa. Akikupa mkono, Mama, upokee. Hutapigwa shoti.

Mwanao akupendaye,
Clara