Msumari wa Medali

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Paa limeacha kuvuja, shemeji yako hajaacha kukoroma. Ule msumari alioupigilia sebuleni kwa ajili ya medali ya jimnastiki ya mwanetu Panzi bado umebeba kofia yake mwenyewe tu.

Nakuandikia kukushukuru. Sisi kila jioni tulimuuliza mtoto atashinda lini. Wewe mjomba wake ulipopiga simu ulimuuliza jingine: ukifika miaka ishirini, ungependa mwili wako uweze kufanya nini? Akafikiri, akakujibu, "Kuinama nifunge viatu bila mgongo kuuma, mjomba." Ana miaka kumi na mmoja. Maumivu alituficha tangu likizo, asituvunje moyo.

Daktari alisema tumewahi, akampumzisha. Sasa amerudi mazoezini, na kocha ametukalisha chini. "Mwaka huu ajifunze tu kusimama kwa mikono, anyooke vizuri. Mwakani ndiyo tutaanza kuruka. Mashindano makubwa yasubiri mifupa ikomae."

"Na msumari wangu?" akauliza shemeji yako.

"Huo hauna haraka, mzee."

Panzi alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimeisahau sauti ile.

Jana asubuhi aliinama mlangoni, akafunga kamba za viatu, akainuka bila kukunja uso. Baba yake akapiga makofi mpaka jirani akatoka kuuliza tumeshinda nini.

Nikamwambia, "Viatu."

Asante, kaka. Uendelee kumuuliza.

Dada yako