Madam wa Eugene

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Leo nimefanya kazi ya watu watatu na bado nimefika nyumbani kabla ya wali kuisha. Levis mimi! Hakuna ofisi Doha ambayo mlango wake haunijui. Dereva wa hoteli ni jina tu — mimi ni wizara ndogo yenye magurudumu manne.

Eugene, mpishi wa hoteli na mwenzangu wa chumba, anapandishwa cheo. Naibu wa shefu mkuu, Mkenya wa kwanza katika jiko lile! Wanataka vyeti vyake vya chuo cha upishi cha Cape Town, vitafsiriwe Kiarabu na kupigwa muhuri. Yeye alikuwa zamu mpaka jioni. Nikamwambia, buda, niachie mimi. Akasema vimo kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro lake, nichukue viwili vya juu. Viwili tu, Levis.

Viwili tu! Nimekaa huku miaka tisa. Ukipeleka karatasi mbili wanaitisha ya tatu. Nikabeba bahasha nzima.

Mandubu wa kampuni, yule Msudani anayekimbiza karatasi zetu za serikali, alikuwa na haraka zake. Akatandaza karatasi za bahasha juu ya boneti, akapiga picha zote kwa simu, pa pa pa, akamtumia mtafsiri kule Najma. Ndivyo afanyavyo siku zote. Ukifika dukani Kiarabu kishaiva. Mimi nilikuwa napakia mizigo ya wageni. Sikutazama hata.

Kesho nachukua. Kwa hili atanipikia pilau ya mbuzi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimechukua.

Mtafsiri alinipa karatasi tatu, si mbili. Ya tatu akaishika kwa vidole viwili, anacheka: ya sadiki, ndugu yangu, rafiki yako ana madam na hajasema! Picha ilikuwa na ukungu, akasema, lakini majina ameyapata. Mume, Eugene. Mke, Bradley. Muhuri wa duara, wa buluu, umekolea.

Nami nikacheka. Mimi hucheka kwanza, halafu nauliza. Ndani ya gari nikaitoa ile ya Kiingereza. Cheti cha ndoa. Afrika Kusini, Machi 2019. Mimi niliachia shule kidato cha pili, lakini Kiingereza cha kidato cha pili kilitosha. Mwanamume. Mwanamume. Sahihi mbili. Moja naijua — ndiyo iliyo kwenye orodha yetu ya zamu za kuosha choo.

Nikaendesha mpaka Al Rayyan. Sikuwa na abiria. Sikuwa na safari ya Al Rayyan.

Na huyu Bradley namjua! Kwa simu. Rafiki wa chuo, Eugene husema. Kila Ijumaa ananisalimia, dereva wangu yuko wapi? Nilimwomba jezi!

Sijui nafikiri nini. Mama yangu akisikia atafunga siku saba. Lakini nilipovunjika mguu, Eugene alinipikia uji wiki sita, akawa ananibeba mpaka bafuni kama gunia la makaa. Hilo nalijua. Hili lingine bado.

Na hapa jambo hili si aibu ya kanisani. Ni jela, halafu ndege.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwambia. Juu ya paa, tukianua nguo. Nilianza na mzaha, ukanifia mdomoni. Nikampa karatasi.

Hakunipigia kelele. Heri angepiga. Aliketi juu ya beseni, akauliza nani ameona. Nikasema mtafsiri, na mandubu ana picha kwenye simu. Lakini wanadhani Bradley ni mwanamke! Tumeokoka!

Akanitazama vile anavyotazama mafuta yakianza kutoa moshi.

Halafu akaongea. Walifunga ndoa siku ya Alhamisi, ofisini, mashahidi wakiwa mama mwenye nyumba na mpishi mwenzao. Kule ni sheria kamili. Bradley akilazwa, hospitali inampigia Eugene, si mtu mwingine. Lakini wakipanda ndege pamoja kwenda kwetu, wakishuka ni mtu na rafiki yake. Wakishuka hapa, ni kesi. Akasema karatasi hiyo ndiyo mahali pekee walipoandikwa pamoja. Amelala juu yake miaka mitatu.

Na mimi nikaitandaza kwenye boneti!

Reuben akatokea na ndoo. Ndiye wa tatu chumbani kwetu, askari wa geti pale hotelini, kiongozi wa kwaya. Akauliza mbona tumekaa kama wajane. Nikasema Arsenal. Akacheka. Lakini macho yake yalikaa juu ya karatasi mpaka Eugene alipoikunja.

Jumatano, 8 Oktoba

"Mabruk! Hongera!" Ndivyo mandubu alivyompokea Eugene mbele ya jiko zima. Mtafsiri alimtumia nakala ya ile tafsiri, naye ameshaitia kwenye faili pamoja na vyeti. Wakubwa wamefurahi: naibu wa shefu mwenye ndoa anapewa nyumba Abu Hamour, vyumba viwili, na visa ya mke. Watu wakapiga sufuria kwa miiko. Eugene akatabasamu. Nimeona mtu akitabasamu hivyo kwa daktari wa meno.

Hiyo ndiyo ndoa yao kutambuliwa Doha! Kwa makosa, kwa muhuri wa duka la Najma. Nilitaka kucheka. Haikuja.

Sasa wanataka pasipoti ya mke. Na cheti chenyewe, kwa sababu picha ina ukungu. Mwisho Jumapili.

Mimi na akili zangu nikampa dawa: sema mke amefariki. Ajali ya barabarani. Nitalia mimi, najua kulia! Tunachoma karatasi, faili linafungwa, khalas.

Akasema, "Nimemwita rafiki miaka mitatu, Levis. Sasa nimzike?"

Nikamwomba radhi. Mimi! Andika tarehe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kanisani Abu Hamour. Reuben kando yangu kwenye gari, Eugene hakuja. Kwa kawaida tunaimba njia nzima.

Reuben akasema mandubu alimtajia jina getini. Bradley. Akasema ana binamu anaitwa Bradley, ana ndevu hadi hapa. Nikamwambia na mimi naitwa Levis, je, mimi ni suruali? Hakucheka. Siku nyingine angeanguka.

Akasema ataombea chumba chetu, kila kilichofichwa kitoke nje. Nikasema amina. Ningesema nini?

Leo simu ya Bradley haikulia. Eugene amemwambia asipige. Nimemkuta akifuta picha moja moja, anaitazama kwanza, ndipo anafuta.

Jumamosi, 11 Oktoba

Eugene amepika pilau ya mbuzi. Sikuweza kumaliza sahani.

Ana tiketi ya kesho saa kumi. Amewaambia wakubwa kwamba mama yake ni mgonjwa. Akishaingia ndege, waulize cheti wakiwa peke yao. Lakini pasipoti zetu zote ziko kwenye droo ya mandubu, "kwa usalama". Na mandubu amesema, kwa upole kabisa, ndugu yangu: nipe cheti kwa mkono huu, nikupe pasipoti kwa huu.

Bahasha amenipa mimi. Chumbani haifichiki tena, Reuben amepanga upya vitanda eti anafagia. Nimeapa kwa jina la mama yangu sitaichoma. Yeye kesho ataingia ofisini kwa mandubu mikono mitupu, aombe pasipoti. Nimemwambia mandubu ni mtu wangu, tumekula pamoja mara mia, ataitoa tu.

Nimesema hivyo kwa sauti kubwa sana.

Jumapili, 12 Oktoba

Saa sita na nusu. Naandika juu ya usukani, nje ya ofisi. Eugene ameingia saa tano na robo. Begi lake liko kwenye buti. Uwanja wa ndege ni dakika ishirini, nikiendesha mimi ni kumi na tano.

Bahasha nimeikalia. Kiberiti kiko mfukoni. Sikukileta kwa ajili hiyo. Sijui nilikileta kwa ajili ya nini.

Saa saba kasoro dakika kumi. Reuben amepita, na sare, ingawa leo si zamu yake. Ameingia ofisini. Hakunisalimia. Gari hili analijua kuliko sahani yake.

Saa saba na dakika tano. Injini inawaka. Nimejaribu wimbo, nimezima.

Mandubu ametoka. Peke yake. Mkononi ana pasipoti, naiona rangi yake! Simu iko sikioni, anasikiliza tu, hajibu. Hatabasamu. Yule mtu hutabasamu hata akifiwa. Anakuja kwangu, si kwenye gari lake.

Eugene yuko dirishani juu. Reuben nyuma yake. Eugene ananitikisia kichwa — hapana. Hapana nini? Nisimpe? Nisichome?

Anagonga kioo. Ananyoosha mkono mtupu, anataka bahasha; kwa ule mwingine ameficha pasipoti mgongoni. Nimeapa kwa jina la mama yangu. Anagonga tena. Nashusha kioo kidogo, niseme mzaha mmoja, mmoja tu —