Kijiti cha Meneja

Jumanne, Mirongo

Na bado anakiita ubunifu! Umeme ukikatika kiwandani, mashine za kuchambua pamba husimama, na ukirudi lazima mtu aende kubonyeza kitufe ndipo ziwake. Meneja anasema huko ni kulichelewesha taifa. Wiki iliyopita alichonga kijiti, akakikaza juu ya kitufe kikae kimebonyezwa muda wote, mashine ziwe zinajiwasha zenyewe. Fundi umeme ni mimi. Hakuniuliza.

Leo umeme ulikatika saa nne asubuhi. Mzee Bukuru akaingiza mkono kwenye meno ya mashine kutoa pamba iliyokwama, kama alivyofanya miaka yote. Umeme ukarudi, mashine ikanguruma yenyewe. Ikala shati lake hadi begani. Mkono aliwahi kuuchomoa, sijui vipi.

Nilikimbilia ofisini. Meneja hakuinua hata kichwa.

“Ameumia, Ndugu fundi?”

“Hapana, lakini...”

“Basi rudi kazini. Na kijiti kisiguswe.”

Mpumbavu. Angeuweka mkono wake mle.

Lakini kile kijiti nilikiona tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Niliogopa kuitwa mpinga maendeleo mkutanoni. Leo Mzee Bukuru amenishukuru kwa kumletea maji, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Jioni nilikichomoa. Kesho Meneja atauliza kiko wapi, nami nitamjibu mbele ya watu wote: nimekichoma jikoni kwangu, na chai ilichemka vizuri.