Blanketi la Bi Zuhura

Mtaa wa Mpendae, Jumamosi usiku

Nimemdanganya Bi Zuhura, jirani pekee anayenijulia hali. Kimea cha kopo cha kupikia bia sikimudu tena bei yake, nimeanza kuipika kwa mtama niliouotesha na kuutwanga mwenyewe. Sufuria inataka joto la taratibu, na jiko la mkaa linaunguza. Nikaazima blanketi kwake niizungushie, nikasema nna homa.

Jioni kaja na uji wa pilipili manga. "Blanketi liko wapi, mwanangu?"

Nikasema limelowa jasho, nimelianika.

"Basi asubuhi nnakuja kulichukua, nikalifue."

Akijua ni pombe, sijui...

Nimelitoa kwenye sufuria. Limemwagikiwa na maji ya mtama. Nimelinusa, linanuka uji. Ningesema ni uji wake ulionimwagikia, lakini namjua. Ataniletea mwingine.