Kifua cha Baba

Kharumwa, Nyang'hwale
9 Machi 2025

Kwa dada yangu Febronia,

Shikamoo dada. Naamini barua hii inakukuta mzima wewe na shemeji Kamili, na kwamba mvua za huko Ushirombo hazijaozesha maharage. Mimi ni mzima wa mwili tu. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungesikia sauti yangu ungelia, nami ningekata. Ndiyo maana nimeandika, na Mwigulu wa lori la mpunga atakufikishia.

Tangu mlipoondoka msibani sijarudi machimboni wala nyumbani. Niko hospitali na mtoto. Mlimwacha na bibi yake, mama wa marehemu mke wangu Mbuke, akimbeba kifuani. Baadaye mama mkwe akashikwa na kikohozi na homa, wakamtoa wodini. Muuguzi wetu, anaitwa Vumilia, akaniita akaniambia nivue shati. Nilidhani anataka kunipima. Akasema mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta mwilini, hawezi kujitengenezea joto, na mashine ya joto imejaa wengine. Lazima aishi juu ya ngozi ya mtu mpaka anenepe. Nikamwambia kwetu Usukumani mwanamume habebi kichanga namna hiyo. Akaniuliza, "Kifua unacho?" Nikasema ninacho. "Basi kaoge."

Nilijisugua mpaka maji yakaacha kuwa mekundu kwa udongo. Zipora, mama wa mapacha kitanda cha jirani, akanionyesha jinsi ya kumfunga mtoto kwa kitenge, kichwa kimegeukia upande, miguu imekunjwa. Mtoto alipogusa kifua changu nilimwona kama chura aliyetoka majini. Akina mama wakacheka, wakaligeuza jina langu kuwa Mama Makoye. Sikukasirika. Sikucheka pia. Uliniona kaburini sikutoa chozi, na baba mkubwa Magesa akasema najikaza kiume. Sikuwa najikaza, dada. Hakukuwa na kitu cha kukaza.

Siku moja Boaz na wenzangu wa duara letu, shimo tunalochimba dhahabu, walikuja kunipa pole. Nilimviringisha mtoto kwa mablanketi mawili, nikamlaza, nikatoka nje. Wakanieleza kwamba shimo limejaa maji na pampu imeharibika. Nikasikiliza yote. Niliporudi midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi, na nyayo zake zilikuwa baridi kama jiwe lililotoka chini. Hakulia. Vumilia alinivua shati kwa mikono yake, akamrudisha kifuani, akatufunga kwa nguvu. Akasema, "Blanketi halina joto, baba. Linatunza lililopo, na huyu hana la kutunza."

Nilikaa bila kusogea hadi jua likainama. Nyayo zikaanza kupata uvuguvugu, halafu akalia, sauti ndogo kama ya kifaranga. Vumilia akaniambia mtoto akipoa, kifua cha anayembeba huongeza joto chenyewe, na mtoto akipata joto sana, kifua hupunguza, mwenye kifua asijue. Nikawaza kwamba kumbe mwili wangu ulikuwa ukifanya kazi bila kuniambia.

Juzi mchana ilinyesha mvua ya mawe, umeme ukakatika, upepo ukapenya madirishani. Zipora akasema tusogeze vitanda kwenye kona. Tukakaa mgongo kwa mgongo, kila mtu na mtoto wake kifuani, na hakuna aliyekumbuka kwamba mimi ni mwanamume. Niliwakumbuka mbuzi wa baba, walivyokuwa wakijibana ukutani kwenye mvua, vitoto katikati. Na sisi, mimi nawe, tulivyolala chini ya ngozi moja ya ng'ombe na wewe ukinivutia upande mkubwa. Niliyakumbuka tu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Pale msibani ukoo uliamua kwamba mtoto akishatoka hospitali aje kwako, kwa kuwa Mungu hajakujalia wa kwako na mimi ni mtu wa mashimo. Wakaniuliza, nikatikisa kichwa kukubali. Shemeji ameniambia umeshamshonea nguo na kupaka chumba rangi. Dada yangu, mtoto sitamleta.

Usidhani ni kwa sababu nampenda. Ningesema hivyo ingekuwa rahisi kwako kunielewa, lakini ningekuwa nimekudanganya. Nikimtazama usoni sisikii kitu. Ila kila asubuhi wanapomwondoa kumpima uzito, kifua changu kinapoa pale pale, natetemeka mbele za watu, meno yanagongana, hata kama jua ni kali. Akirudishwa, natulia. Tangu Mbuke afariki, hiyo baridi ndiyo kitu pekee ninachokisikia. Ukiniondolea, nitabaki mtu wa kutikisa kichwa tu.

Najua nimekuumiza. Ukikasirika una haki, na baba mkubwa nitamkabili mwenyewe. Lakini ukiweza, njoo. Vumilia anasema mbebaji mmoja huchoka, na ndugu anaruhusiwa. Utaoga, utakaa kwenye kiti changu, nitakufunga kitenge nilivyofundishwa. Mimi nitakaa karibu.

Mama mkwe amepata nafuu, anakusalimu sana. Nisalimie shemeji na majirani wote. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Makoye