Penseli Pembeni mwa Barua Zako

Tarehe 3 Machi. Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unanung'unika. Kila Ijumaa, tukishaacha kupiga lipu, tunajifunza Kiingereza kwenye chumba cha kulia cha kambi ya wafanyakazi. Wenzangu wananiita Profesa. Tunasoma hadithi na kuandika pembeni kwa penseli: nani kasema, nani kanyamaza, kwa nini.

Juzi tuliandika habari zetu wenyewe. Nikamwandika Mama akianika mashuka huku anaimba, nami mtoto nimelala chini, kivuli cheupe kikinipitia usoni kama maji. Mwalimu akaandika pembeni: "Aliimba nini?" Sikukumbuka.

Nikazitoa barua zako ili nimsikie Mama, penseli mkononi. Zamani hakukosa salamu: "Mwambieni huyo mvivu ale." Katika tatu za mwisho hayumo. Pembeni nimeandika: Mama yuko wapi?

Habari yangu nimeigeuza kwa lugha yetu, imo humu. Kama yupo, msomee. Kama hayupo, niandikie sasa, dada, usingoje nifike mlangoni.

Ruhusa ya kazini nimepata. Nafika tarehe ishirini Aprili.

Mdogo wako,
huyo mvivu